Noti za kikoloni za Hong Kong, India au Malaya: uanze kukusanya zipi?

Weka noti tatu mezani: moja ya Hong Kong, moja ya India ya enzi za Mwingereza na moja ya Straits Settlements, yaani Singapore, Penang na Malacca, kwenye ukanda wa Malaya (leo Malaysia na Singapore). Zote zinaahidi. Maneno yanakaribiana, kwamba mwenye noti hii atalipwa akija kudai. Tofauti iko kwa anayeahidi. Ya Hong Kong imeahidiwa na benki ya watu binafsi wenye hisa zao. Ya India imeahidiwa na serikali. Ya Straits nayo ni ya serikali, ila baadaye kazi hiyo ikakabidhiwa bodi ya sarafu, taasisi ya aina ile ile iliyotutolea sisi shilingi ya Afrika Mashariki.

Anayeanza kukusanya noti, mwenye uwezo wa kununua chache tu kwa mwaka, hukwama hapo. Mimi nilijikwamua vibaya: nilinunua kidogo huku, kidogo kule, na baada ya miaka miwili nikawa na bahasha ya noti zisizojuana. Ningependa wewe uchague upande mmoja kwanza, hata kama utahama baadaye.

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza, nani aliahidi, na ahadi ilipojaribiwa ilikuwaje. La pili, mfuko: zinapatikana, au utasubiri mnada mmoja kwa mwaka? La tatu, mitego. La nne, inamfaa nani. Bei kwa tarakimu sitataja, kwa sababu noti mbili zenye tarehe moja na saini moja zinaweza kuachana mbali sana kwa kosa la mkunjo mmoja katikati. Ndiyo maana kuna kampuni zinazopima hali ya noti kwa alama 1 hadi 70 na kuifungia kwenye plastiki ngumu. Alama zao zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya macho yako.

Hong Kong: ahadi ya benki

*Nani aliahidi.* Benki ya kwanza kutoa noti Hong Kong ni Oriental Bank, iliyofika mwaka 1845. Ilifilisika 1884, baada ya ugonjwa wa kutu kumaliza mibuni ya Ceylon (Sri Lanka ya leo) ambako ilikuwa imemwaga mikopo. Wakati huo wengine walishaingia. Chartered Bank of India, Australia and China ilipata hati ya kifalme 1853 na kuanza kutoa noti Hong Kong 1862. Hongkong and Shanghai Banking Corporation, HSBC ya leo, ilifunguliwa 1865 kwa juhudi za Thomas Sutherland, Mskoti aliyesimamia shughuli za meli za P&O pale bandarini. Wafanyabiashara wa Hong Kong walitaka benki yenye makao makuu pale pale kwao, si tawi linalosubiri amri kutoka London au Bombay. Ya tatu ni Mercantile Bank, iliyoanzia Bombay 1853 na kumezwa na HSBC mwaka 1959.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: kwa miongo mingi hakuna sheria iliyomlazimisha mtu yeyote kuzipokea noti hizi. Zilipokelewa kwa sababu benki iliaminika, basi. Hadi mwisho wa 1935, Hong Kong ilipoacha kutumia fedha ya madini (silva) kama msingi wa dola yake, ndipo noti za benki zikawa malipo halali kisheria, na serikali yenyewe ikachukua kazi ya kutoa noti ya dola moja.

Jaribio kubwa lilikuja na vita. Hong Kong ilianguka Krismasi ya 1941. Wajapani walikuta HSBC na noti ambazo hazijatolewa, wakawalazimisha maofisa wa benki kuzitia saini, kisha wakaziingiza sokoni. Mkuu wa benki, Vandeleur Grayburn, alifia gerezani Stanley mwaka 1943. Vita vilipokwisha likazuka swali gumu: noti iliyosainiwa kwa mtutu wa bunduki ni deni la benki au si deni? Namba zake zilijulikana, na watu walizikwepa huku wengine wakizinunua kwa bei ya kutupa wakibahatisha. Mwaka 1946 benki ikakubali kuzilipa. Wakusanyaji hadi leo hutembea na orodha ya namba hizo mfukoni, na kwangu mimi hakuna noti ya kikoloni ya Asia inayosema mengi kuliko hiyo kwenye kipande kimoja cha karatasi.

*Mfuko.* Hapa pana ngazi nzuri ya kupanda. Chini kabisa kuna noti ya senti moja ya serikali ya Hong Kong, imechapwa upande mmoja tu, ndogo kama tiketi ya daladala, iliyoendelea kuwa fedha halali hadi 1995. Mwanafunzi anaimudu. Juu yake kuna dola 5 na 10 za HSBC na Chartered za miaka ya 1950 hadi 1970, zinapatikana bila taabu. Kisha dola moja ya HSBC ya 1935, ambayo tayari inataka uweke akiba. Mercantile ni habari nyingine. Miaka yake ya mwisho ilitoa dola 100 tu, tarehe ya mwisho ni 1974, na haki yake ya kutoa noti ikafutwa 1978. Za zamani kuliko hizo tuwaachie wenye mali.

*Mitego.* Soko hili lina wanunuzi wengi wa Hong Kong kwenyewe na China bara, na wananunua kwa mapenzi hasa. Watu wa kule wamezipa noti zao majina kama sisi tunavyoiita elfu kumi "msimbazi": mia nyekundu ni aina ya samaki mwekundu, mia tano ni fahali mkubwa. Penye mapenzi hayo pana mafundi wa kupiga noti pasi na kuziba matundu. Noti kubwa za zamani zilitiwa saini kwa mkono, kwa hiyo tazama wino kwa lenzi: wa kalamu huingia kwenye nyuzi za karatasi na kuacha kingo zisizo sawa. Saini inayong'aa juu juu, iache.

*Inamfaa nani.* Anayependa historia ya benki zenyewe, nani alimnunua nani, nani alianguka. Na anayetaka ngazi ya kupanda taratibu, noti moja kila baada ya miezi kadhaa. Uhusiano nasi upo ila ni wa mzunguko: Chartered iliungana na Standard Bank, iliyokuwa na matawi Mombasa na Nairobi tangu 1911, na hapo ndipo lilipozaliwa jina la Standard Chartered linaloonekana mitaani kwetu.

India: ahadi ya serikali

*Nani aliahidi.* Mwanzoni walioahidi hapa pia walikuwa benki: Bank of Bengal, Bank of Bombay na Bank of Madras. Aliyepanga kuwanyang'anya haki hiyo ni James Wilson, na hapa historia imetania. Wilson ndiye mwanzilishi wa Chartered Bank. Akapelekwa India 1859 kusimamia fedha za serikali, akaandaa mpango wa noti za serikali, akafa Calcutta Agosti 1860 kabla hajauona ukitimia. Sheria ilipita 1861, na tangu hapo benki binafsi hazikutoa noti tena India.

Noti za mwanzo zilikuwa na nchi ndani ya nchi. Kila moja ilikuwa ya eneo lake: Calcutta, Bombay, Madras, baadaye Lahore, Karachi, Rangoon na mengine. Ya Calcutta ukiipeleka Bombay, hakuna aliyelazimika kuipokea. Kutuma fedha mbali kulikuwa na hatari, kwa hiyo mfanyabiashara aliikata noti vipande viwili, akaposti nusu ya kwanza, akangoja barua ya kuthibitisha imefika, ndipo akaposti nusu ya pili. Mpokeaji aligundisha. Ukiiona noti ya karne ya 19 imepitiwa na mkasi katikati na kuunganishwa kwa karatasi nyuma, usidhani imeharibiwa na watoto. Imefanya kazi iliyotengenezewa.

Ahadi ilibanwa vibaya wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Fedha ya madini iliadimika, sarafu ya rupia haikutosha, na mwishoni mwa Novemba 1917 ikatoka noti ya rupia moja yenye picha ya sarafu ya Mfalme George V, kana kwamba serikali inasema shika picha kwa sasa. Januari 1918 ikafuata noti ya ajabu ya rupia mbili na anna nane, yaani mbili na nusu, iliyoondolewa 1926. Watu walizidi kudai sarafu, hadi Marekani ikapitisha sheria Aprili 1918 ya kuyeyusha dola zake za fedha ili India ipate madini. Ahadi ikashika kwa uzi mwembamba. Ilivunjwa wakati mwingine kabisa, Januari 1946, noti za rupia 500, 1,000 na 10,000 zilipofutwa ghafla ili kuwabana walioficha faida za vita.

*Mfuko.* Katika pande zote tatu, hapa ndipo pana mlango mpana zaidi. Reserve Bank of India ilianza kazi 1935, na noti zake za kwanza zikatoka Januari 1938 zikiwa na sura ya George VI. Rupia moja ya 1940, rupia 2, 5 na 10 za mfalme huyo zilichapwa kwa wingi na hazijatoweka. Noti za George V zinapanda bei kwa kasi. Noti za maeneo za karne ya 19 ni za mnada.

*Mitego.* Vitobo vya pini. Benki za India zilibana vifungu vya noti kwa pini, kwa hiyo hata noti ambayo haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu inaweza kuwa na vitobo viwili kushoto. Anayetoka kwenye noti za Ulaya hushtuka. Mkusanyaji wa India hashtushwi na kitobo; kinachomshtua ni kitobo kilichozibwa. Mtego wa pili ni wa kisheria: India ina sheria ya 1972 inayozuia kutoa nje ya nchi vitu vya kale vilivyotimiza miaka 100. Muuzaji aliye India akikuahidi kukutumia noti ya 1917 kwa posta, muulize kwanza habari za kibali, na akianza kuzunguka, funga mazungumzo. Nunua kutoka kwa aliye nje tayari.

Na usidharau noti iliyokwaruzika. Mwaka 2024 kule London zilinadiwa noti mbili za rupia 10 za tarehe 25 Mei 1918, zilizotoka kwenye meli ya SS Shirala iliyozamishwa na manowari ya Wajerumani Julai mwaka huo ikielekea Bombay. Vifungu vizima vilielea hadi ufukweni. Nyingi zilikusanywa na kuharibiwa, hizo mbili zikaponyoka.

*Inamfaa nani.* Hapa nina upendeleo, na ni haki msomaji aujue. Rupia hii ilikuwa fedha ya Zanzibar na Mombasa. Hata neno "pesa" tumelipata kwa paisa ya Kihindi. National Bank of India ilifungua Zanzibar 1892 na Mombasa 1896, na tawi lake la Kenya ndilo lililokuja kuwa KCB. Serikali ya Zanzibar ilitoa rupia zake za karatasi kuanzia 1908, zenye picha ya jahazi, na zikaendelea hadi shilingi ilipochukua nafasi 1936. Hizo za Zanzibar ni adimu na ghali mno, usianze nazo. Lakini kwa bei ya chakula cha mchana unaweza kushika rupia moja ya George VI, ndugu wa fedha aliyoitumia babu wa babu yako kununua kanga Darajani.

Straits na Malaya: ahadi ya bodi

*Nani aliahidi.* Serikali ya Straits Settlements ilianza kutoa noti 1899, ingawa za kwanza zimeandikwa 1898. Kabla ya hapo HSBC na Chartered zilitoa noti zao kule pia, kwa hiyo mkusanyaji wa benki hizo anaweza kuvuka mpaka. Mwaka 1906 dola ya Straits ilifungwa kwenye pauni kwa shilingi 2 na peni 4. Mwaka 1938 likaja Baraza la Makamishna wa Sarafu wa Malaya, kwa mtindo wa bodi: kila noti inayotolewa ina pauni iliyowekwa akiba kuilinda. Afrika Mashariki iliuzoea mtindo huo tangu 1919, kwa hiyo mkusanyaji wa noti zetu za bodi ataziona hizi kama za binamu.

Ahadi ya bodi ilikuwa salama. Karatasi zenyewe ndizo zilizopata misukosuko. Tarehe 11 Novemba 1940 meli ya Automedon ilikamatwa na Wajerumani karibu na Sumatra. Inakumbukwa zaidi kwa nyaraka za siri zilizoishia mikononi mwa Wajapani, lakini ndani yake kulikuwa pia na noti mpya za kupelekwa Singapore. Kisha Malaya yenyewe ikatekwa. Ndiyo maana noti za George VI zilizoandikwa 1 Julai 1941 wengi walizishika kwa mara ya kwanza Waingereza waliporudi 1945. Tarehe ya kwenye noti inasema jambo moja, mfuko wa mtu wa Kuala Lumpur unasema jingine.

*Mfuko.* Ni wa katikati. Senti 1, 5 na 10 za 1941 na dola 1 hadi 10 za mwaka huo zinapatikana. Noti za Malaya na Borneo ya Uingereza za 1953, zenye sura ya Malkia Elizabeth, hupendwa sana na bei yake inaonyesha hivyo. Dola 10 nyekundu ya 1961, yenye mkulima anayelima kwa nyati, wenyewe huiita "kerbau", nyati, na nadhani ni noti nzuri kuliko zote katika makala hii.

*Mitego.* Mkubwa ni noti za Wajapani wakati wa vita, ile ya dola 10 yenye migomba hasa. Wauzaji wasio na haya huziita "noti za kikoloni za Malaya". Zilichapwa kama karatasi za kufungia maandazi na baada ya vita hazikuwa na thamani. Ni kumbukumbu halali, ila zilipiwe bei yake.

Wa pili ni noti iliyofuliwa. Niliwahi kuletewa dola 5 ya Malaya kwa posta, safi, rangi imetulia, muuzaji ameapa haijaguswa. Usiku nikaiweka chini ya ile taa ya bluu ya kukagulia noti bandia. Karatasi ya zamani hubaki giza chini ya taa hiyo. Yangu iling'aa kama shati la shule siku ya Jumatatu: sabuni ya unga ina kemikali ya kung'arisha, na ilikuwa imejaa kwenye nyuzi. Mistari ya mikunjo ikajitokeza mmoja mmoja, minne. Taa hiyo inauzwa bei ndogo kuliko noti yoyote niliyoitaja hapa. Ningekuwa naanza leo, ningeinunua kabla ya noti.

*Inamfaa nani.* Anayependa sura ya noti, picha na rangi, na anayetaka mfululizo unaokamilika. India huwezi kuimaliza. Malaya kuanzia 1940 hadi 1961, ukiacha noti za thamani kubwa, unaweza.

Kwa hali yako

Una fedha kidogo na unataka kujifunza kwa mikono: India ya George VI. Nunua tatu zilizochakaa kidogo za saini tofauti, zishike mbele ya dirisha uone alama ya maji, uzoee karatasi halisi inavyolia kati ya vidole.

Umefanya kazi benki, au unapenda kisa kuliko picha: Hong Kong. Anza na senti moja na dola 10 ya HSBC, weka akiba kwa ajili ya noti moja yenye namba za wakati wa vita, na usiinunue kabla hujazilinganisha namba mwenyewe.

Unataka albamu inayojaa na watoto waifungue: Malaya.

Tayari unakusanya noti za Bodi ya Afrika Mashariki: Malaya kwa mtindo wa utoaji, au India kwa sababu rupia ndiyo iliyotangulia shilingi. Hapo siwezi kukuamulia, mimi mwenyewe nina zote mbili na droo moja.

Na kama tayari una noti iliyotoka kwenye sanduku la bibi aliyewahi kuishi Muscat au Dubai, usikimbilie kuiuza kama rupia ya kawaida ya India. Tazama herufi iliyo mbele ya namba. Mwaka 1959 Reserve Bank of India ilitoa rupia maalumu za Ghuba, ili kuzuia dhahabu kuingizwa India kwa magendo, na herufi yake ni Z. Oman iliendelea kutumia rupia hizo hadi 1970. Ukiiona Z hiyo, usiipige pasi, usiifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, usiiweke kwenye plastiki laini ya daftari inayonata. Iache kwenye karatasi safi kavu hadi upate mfuko unaofaa.